Kutengeneza klachi ya PTO iliyochakaa kwenye trekta dogo la bustani: mwongozo kamili

Klachi ya PTO ni ile inayounganisha nguvu ya injini na visu vya kukatia nyasi, na kuitenganisha. Dalili za kuchakaa kwake huanza hivi. Trekta limewashwa, swichi ya visu imevutwa, klachi imeshika kwa mlio mmoja mkavu, na nyasi zinakatwa vizuri kwa nusu saa nzima. Kisha dereva anazima visu ili avuke njia ya changarawe, anafika upande wa pili, anavuta swichi tena, na hakuna kinachotokea. Injini inavuma kwa wepesi, taa ya swichi imewaka, lakini visu vimetulia. Akilipumzisha trekta kwa dakika 20 au 30, klachi inashika tena kama vile si yenyewe iliyogoma.

Wengi wakifika hapo huamua kwamba klachi imeungua na kwenda kununua nyingine, ingawa hiki ni miongoni mwa vipuri ghali kwenye trekta la aina hii. Mara nyingi haijaungua. Imechakaa kidogo tu, na pengo lililomo ndani yake limepanuka kupita uwezo wa sumaku yake. Ndiyo maana mwongozo huu unafuata mpangilio maalumu: kupima kwanza, kurekebisha pengo pili, kuishusha klachi tatu, na kununua mwisho kabisa.

Klachi inayozungumziwa hapa ni ile ya umeme wa volti 12, inayofungwa kwenye ncha ya chini ya kranki, yaani shafti kuu inayozungushwa na injini, chini ya injini ya shafti wima. Matrekta ya zamani yenye klachi ya kuvutwa kwa wenzo na waya yana utaratibu wao wa kurekebisha waya na vidole vya kusukumia, na hayaingii katika maelezo haya, isipokuwa sehemu za beringi na za kusafisha shafti, ambazo zinafanana.

Ndani ya klachi kuna nini

Ni vigumu kutengeneza kitu ambacho hujui kinavyofanya kazi, kwa hiyo inafaa kutumia dakika chache hapa. Juu kabisa, karibu na injini, kuna koili, yaani nyaya za shaba zilizosokotwa na kufungiwa ndani ya ganda la chuma. Koili haizunguki; imekaa juu ya beringi na kuzuiwa na kishikizo kilichofungwa kwenye fremu. Ndani yake inazunguka rota, ambayo imeunganishwa na kranki kwa kii, kile kipande kidogo cha chuma cha pembe nne kinachokaa kwenye mfereji wa shafti. Rota huzunguka wakati wote injini inapozunguka. Chini ya rota kuna sahani ya kushikia, iliyoungana na puli inayobeba mkanda wa visu. Mwisho kuna bamba la breki, linaloshikiliwa na boliti tatu zenye springi na nati tatu.

Umeme ukiingia kwenye koili, rota inakuwa sumaku, inaivuta sahani, nyuso mbili za chuma zinakutana, na puli inaanza kuzunguka pamoja na injini. Umeme ukikatika, springi zinairudisha sahani hadi iguse bamba la breki, na visu vinasimama. Kati ya rota na sahani, klachi ikiwa imezimwa, kuna nafasi ndogo ya hewa. Kwenye klachi nyingi nafasi hiyo hutakiwa kuwa kati ya milimita 0.30 na 0.45, sawa na inchi 0.012 hadi 0.018. Unene wa kadi ya benki ni zaidi ya milimita 0.7, kwa hiyo pengo linalotakiwa ni kama nusu ya kadi hiyo.

Kila mara klachi inaposhika, nyuso hizo husuguana kwa sehemu ya sekunde kabla ya kwenda mwendo mmoja, na chuma kidogo kinaondoka. Pengo linakua. Tatizo ni kwamba nguvu ya sumaku ya kuvuta kitu kilicho mbali nayo hupungua haraka kuliko umbali unavyoongezeka: pengo likiongezeka mara mbili, nguvu ya kuvuta hushuka hadi kama robo. Juu ya hapo linaongezeka joto. Shaba ikipata moto huzuia umeme zaidi, kiasi cha asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Koili yenye omu 3 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) katika nyuzi 20 itakuwa na karibu omu 3.9 ikifika nyuzi 100, na mkondo unaopita katika volti 12.6 utashuka kutoka ampia 4.2 hadi kama 3.2. Nguvu ya sumaku hufuata mraba wa mkondo, kwa hiyo klachi hiyo ya moto inavuta kwa nguvu iliyo zaidi kidogo tu ya nusu ya ile iliyokuwa nayo asubuhi.

Hapo ndipo siri ya dalili ile ilipo. Klachi ikiwa imekwisha kushika, sahani imegusana na rota na haihitaji nguvu kubwa kubaki hapo. Kazi ngumu ni ile ya kuirukisha sahani juu ya pengo. Kwa hiyo klachi yenye pengo pana hushika ikiwa baridi, huendelea kushika hata ikipata moto, na hugoma pale tu unapoizima na kutaka kuiwasha tena. Ikiwa visu vyako vinakufa vyenyewe katikati ya kazi bila wewe kugusa swichi, shuku kwanza umeme au koili, kisha ndipo ushuku pengo.

Kabla ya kuweka mkono chini ya trekta

Egesha trekta mahali tambarare, funga breki ya kuegesha, zima injini, toa ufunguo na uuweke mfukoni mwako. Vuta waya wa plagi; injini ya silinda mbili ina nyaya mbili, nazo zote zitolewe. Subiri injini ipoe, kwa sababu silensa mara nyingi iko sentimita chache tu kutoka kwenye klachi. Kwa kazi zisizohitaji umeme, ondoa pia waya hasi wa betri. Ukilinyanyua trekta, lishushe juu ya stendi imara na kamwe usifanye kazi likiwa juu ya jeki peke yake.

Vumbi lililojikusanya ndani ya klachi lisipulizwe kwa hewa ya kompresa. Lifute kwa kitambaa chenye unyevu huku umevaa barakoa, kwa kuwa sehemu za msuguano za mashine za zamani zinaweza kuwa na asbesto.

Kupima umeme

Vifaa vinavyotosha ni mita ya kidijitali ya kupimia volti na omu, pamoja na vipande viwili vya waya, kimoja kikiwa na fyuzi. Anza na betri. Ikiwa imetulia na imejaa, isome karibu volti 12.6, injini ikizunguka kwa kasi ya kazi, isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikiwa injini inazunguka na betri bado inasoma 12.2, tatizo lako liko kwenye mfumo wa kuchaji, na klachi inalalamika tu kwa niaba yake.

Kisha chomoa soketi ya waya wa klachi na upime omu kati ya pini zake mbili, upande unaokwenda kwenye koili. Kabla ya hapo, gusanisha ncha za mita zenyewe na uone zinasoma ngapi. Mita nyingi za bei ya kawaida husoma 0.2 au 0.3 hata zikiwa zimegusana, na kiasi hicho hakina budi kutolewa, maana hapa tunashughulika na namba ndogo. Koili nyingi za klachi hizi husoma kati ya omu 2 na 4, lakini kitabu cha mashine yako ndicho chenye neno la mwisho. Mita ikionyesha kwamba hakuna njia kabisa, waya umekatika ndani. Ikisoma karibu na sifuri, nyaya zimegusana zenyewe kwa zenyewe. Pima pia kati ya kila pini na ganda la chuma: hapo hapatakiwi kuwa na njia yoyote. Wakati mita bado imeunganishwa, tikisa waya pale unapoingia kwenye koili, kwa sababu hapo ndipo hupindwa kila siku na hapo ndipo hukatika. Kipimo cha omu kina maana zaidi kikirudiwa klachi ikiwa ya moto na imegoma, kwani zipo koili ambazo waya wake hutengana ukitanuka kwa joto na kugusana tena ukipoa.

Kipimo kinachofuata ndicho ambacho watu hukiruka, nacho ndicho kingenizuia kununua klachi nisiyoihitaji. Rudisha soketi mahali pake, ingiza ncha nyembamba za mita kwa nyuma ya soketi hadi ziguse vyuma vya ndani, mtu akae kwenye kiti ili swichi ya usalama ifunge, ufunguo uwe umewashwa lakini injini imezimwa, kisha vuta swichi ya visu. Linganisha volti unazosoma hapo na volti za betri wakati huohuo. Tofauti ikizidi nusu volti, umeme unapotea njiani: kwenye swichi, kwenye rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), au kwenye waya wa ethi, yaani waya wa kurudisha umeme kupitia fremu, uliofungwa juu ya chuma chenye kutu na rangi. Mimi nilikuwa nimepima soketi ikiwa imechomolewa, nikaona volti 12.5, nikaridhika, nikaagiza klachi mpya. Soketi ikiwa imechomolewa hakuna mkondo unaopita, na bila mkondo hata waya unaoning'inia kwa unyuzi mmoja utaonyesha volti kamili. Klachi mpya iligoma vilevile, na dawa ilikuwa kusugua ethi kwa msasa.

Kama trekta lako haliruhusu klachi ifanye kazi injini ikiwa imezimwa, au kama unataka jibu la haraka, chomoa soketi na upeleke umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri hadi kwenye pini za koili kwa nyaya zako mbili, ule wenye fyuzi ukiwa upande chanya. Sahani ikirukia rota kwa mlio wa nguvu, koili na pengo vina uhai, na kosa ni la nyaya au swichi za trekta. Omu zikiwa sawa lakini sahani ikakaa kimya au ikavutwa kivivu, pengo limekuwa pana mno.

Kupima na kurekebisha pengo

Tazama klachi kutoka upande. Karibu na kila moja ya zile nati tatu utaona dirisha dogo kwenye bamba la breki, ambamo mstari wa mwanga hupita kati ya rota na sahani. Hapo ndipo unapoingiza fila geji, zile bapa nyembamba za chuma zenye namba za unene. Safisha dirisha kwanza, kwa kuwa nyasi kavu zilizogandamana zinaweza kuidanganya geji. Angalia pia ukingo: klachi iliyotumika sana huacha ukingo usiochakaa kwenye mzunguko wa nje, na bapa lisipoingia hadi ndani litapima ukingo huo badala ya uso wenyewe.

Andika vipimo vitatu, kimoja kwa kila dirisha, kabla hujagusa nati yoyote. Vipimo kama 0.60, 0.65 na 0.55 vinasema klachi imechakaa kwa usawa na itarekebishika. Vipimo kama 0.35, 0.40 na 0.90 vinasema jambo jingine: sahani imepinda, au beringi imelegea na puli inakaa upande, na kukaza nati hakutaponya ugonjwa huo. Shika puli kwa mikono miwili na uitikise. Ikicheza juu na chini, ruka hadi sehemu ya kuishusha klachi.

Kurekebisha kwenyewe ni kazi ya dakika 10. Ingiza bapa la milimita 0.35 katika dirisha la kwanza na ukaze nati yake, kwa mwendo wa saa, kidogo kidogo, hadi bapa liweze kuvutwa kwa kukwama kidogo kama karatasi iliyobanwa na kitabu. Nenda kwenye dirisha la pili, halafu la tatu, kisha rudi la kwanza, kwa kuwa kila nati inayokazwa hubadilisha kidogo mahali pa nyingine. Robo ya mzunguko kwa mara moja inatosha. Usimalize upande mmoja kabisa kabla ya kwenda mwingine. Vipimo vyote vitatu vikilingana, washa na uzime klachi mara kadhaa injini ikiwa imezimwa, ili sahani ikae mahali pake, na upime upya; mara nyingi dirisha moja litakuwa limehama kwa sehemu chache za mia za milimita na kuhitaji kusahihishwa. Nati hizi zina plastiki ndani ya kuzizuia kulegea, na zikianza kuzunguka kwa ulaini wa kuweza kugeuzwa kwa vidole, zibadilishwe.

Mtu hushawishika kukaza zaidi ili klachi ishike kwa nguvu zaidi. Pengo dogo mno lina madhara yake. Sahani na rota vikigusana wakati klachi imezimwa, vinasuguana muda wote injini inapozunguka, joto linapanda, beringi inakauka grisi, na koili inaungua kweli safari hii. Tena breki haitashika sawasawa. Kwa hiyo usishuke chini ya kiwango cha chini cha kitabu chako.

Baadhi ya klachi hazina nati za kurekebisha. Badala yake zina vipande vyembamba vya chuma vilivyowekwa chini ya bamba la breki, ambavyo hutolewa pengo likipanuka. Boliti zinalegezwa bila kutolewa, kipande kinavutwa kwa koleo, na boliti zinakazwa tena. Vikitolewa vyote na pengo bado ni pana, klachi hiyo imefika mwisho wake.

Rekebisho lolote la pengo likifuatwa na kila kitu kurudishwa mahali pake, pima breki. Keti kwenye trekta, ongeza kasi ya injini, washa visu, kisha uvizime na uhesabu. Watengenezaji wengi wa matrekta haya hutaka visu visimame ndani ya sekunde 5 hivi. Vikiendelea kuzunguka kwa muda mrefu, trekta lisifanye kazi hadi sababu ipatikane, hata kama klachi inashika vizuri namna gani.

Kuishusha klachi

Ukiwa umefika hapa, ama beringi imelegea, ama koili imekufa, ama nyuso zimeharibika. Ondoa deki ya visu, yaani ganda linalobeba visu, au angalau uishushe na kuutoa mkanda kwenye puli. Piga picha kwa simu ya kila kitu kilivyokaa, hasa kishikizo cha koili, njia ya waya, na mpangilio wa washa (pete bapa za boliti) na vipande vya kuachia nafasi juu na chini ya klachi. Chomoa soketi.

Boliti ya katikati ndiyo ngumu, kwa kuwa kranki inazunguka pamoja nayo. Usiizuie injini kwa kuchomeka bisibisi katika mapezi ya gurudumu la juu. Mapezi hayo huvunjika kwa urahisi. Njia iliyo salama ni ya kamba. Toa plagi, zungusha injini kwa mkono hadi pistoni iwe inapanda katika mgandamizo, valvu zote zikiwa zimefungwa, kisha ingiza kamba laini na nene ndani ya silinda kupitia tundu la plagi, ukiacha mwisho wake ukining'inia nje. Zungusha tena polepole hadi pistoni iegemee kamba na kusimama. Sasa legeza boliti kwa soketi ndefu. Boliti hizi kwa kawaida hufunguka kinyume cha mwendo wa saa ukiitazama klachi kutoka chini, na kwa injini nyingi za shafti wima huo ndio mwelekeo wa kawaida wa kranki, kwa hiyo kamba inafanya kazi upande unaotakiwa.

Wakati mwingine klachi inateleza chini yenyewe na kukuangukia mkononi. Ni nzito kuliko inavyoonekana, kwa hiyo iwe imeshikwa. Wakati mwingine kutu imeiunganisha rota na shafti. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye maungio na uyaache yafanye kazi usiku kucha. Usiipige puli wala kuitegua kwa mtaimbo uliochomekwa juu ya ganda la koili: puli imeshikwa na beringi, na rota ndiyo iliyoshikwa na shafti, kwa hiyo nguvu yote unayoiweka kwenye puli inaishia kwenye beringi bila kuigusa kutu. Nguvu ya kuvutia ielekezwe kwenye rota yenyewe, kidogo kidogo, ukizunguka pande zote.

Klachi ikiwa nje, tazama juu pale ilipokuwa. Kama oili sili ya kranki, yaani pete ya mpira inayozuia oili isitoke, inavuja, sasa ndio wakati wa kuibadilisha, kwa sababu oili inayodondoka juu ya nyuso za msuguano itaharibu kazi yote inayofuata.

Kukagua na kubadilisha vilivyochakaa

Nyuso za rota na sahani zitazamwe kwenye mwanga mzuri. Mikwaruzo midogo ya mviringo ni ya kawaida. Rangi ya bluu au zambarau inaonyesha kwamba chuma kiliwahi kupata moto mkali kwa kuteleza. Peke yake haikatazi matumizi, lakini ikiambatana na nyufa au mawimbi unayoyasikia kwa ukucha, klachi isirudishwe. Mafuta na grisi zisafishwe kwa dawa ya kusafishia breki iliyopulizwa kwenye kitambaa, isimwagwe juu ya beringi. Kuusugua uso kwa msasa hakurudishi chuma kilichoondoka; kunaongeza pengo tu. Koili iliyoungua hujitambulisha kwa gundi iliyovimba au kumwagika na kuganda kama nta nyeusi, na kwa harufu ambayo haisahauliki.

Zungusha kila beringi kwa vidole huku sikio liko karibu. Beringi nzima inazunguka kwa ukimya na uzito kidogo wa grisi. Iliyokufa inakwaruza, au inazunguka kwa wepesi mno kwa kuwa grisi imekwisha. Klachi nyingi zina mbili, moja ndani ya puli na nyingine ndani ya koili, na kwenye zile zinazofunguka zimezuiwa na saklipu, zile pete za chuma zenye matundu mawili ya koleo. Namba ya beringi imeandikwa ubavuni mwake. Herufi 2RS baada ya namba zina maana ya mpira wa kuzuia vumbi pande zote mbili, na mahali palipojaa vumbi la nyasi kama hapa usikubali iliyo wazi.

Kanuni moja ya kupachika beringi inatosha: sukuma ile pete inayobana. Ukiingiza beringi ndani ya tundu la puli, sukuma pete ya nje. Ukiipachika juu ya shingo ya chuma, sukuma pete ya ndani. Nguvu ikipita kwenye gololi zilizo katikati, zinaacha alama ndogo kwenye njia yake, na beringi mpya itaanza kunguruma kabla ya msimu kwisha. Soketi kubwa ya spana yenye kipenyo kinacholingana na pete, pamoja na jiliwa, hufanya kazi hii vizuri bila nyundo. Zipo pia klachi zilizofungwa kwa ribiti kiwandani. Hizo hazikukusudiwa kufunguliwa, na koili au beringi yake ikifa, hununuliwa nzima.

Kuirudisha

Sugua shafti kwa msasa laini hadi ing'ae, angalia kii na mfereji wake, na upake shafti grisi ya shaba ya kuzuia kutu, nyembamba kiasi cha kuifanya iwe na rangi tu. Grisi hiyo isifike kwenye nyuso za msuguano, wala kwenye meno ya boliti isipokuwa kitabu kimesema hivyo, kwa sababu boliti yenye grisi hukazika zaidi ya kile spana inachoonyesha.

Ipandishe klachi kii ikiwa mahali pake, na uhakikishe kishikizo kimeingia kwenye nafasi yake kwenye koili. Kishikizo hiki kinastahili kutazamwa mara mbili. Kazi yake ni kuizuia koili isizunguke na kukata waya wake, lakini hakitakiwi kuikaba. Lazima ubaki mchezo mdogo, koili iweze kutikisika kidogo kwa kidole kila upande. Nimeona watu wakikifunga kwa boliti ngumu wakidhani wanaimarisha. Matokeo yake ni kwamba kila mtikisiko mdogo wa kranki unaivuta beringi ubavuni, na beringi mpya inakufa mapema bila sababu inayoonekana.

Boliti ya katikati ikazwe kwa spana ya toki, yaani spana inayoonyesha nguvu ya kukazia, si kwa mashine ya hewa. Kwenye matrekta mengi ya kundi hili kipimo huwa karibu niutoni-mita 70, lakini fuata cha kitabu chako, na kama kitabu kinataka boliti mpya au gundi ya meno, usibane matumizi hapo. Kumbuka kwamba wakati wa kukaza, kranki inasukumwa kinyume na mwendo wake, kwa hiyo kamba ndani ya silinda lazima ipangwe upya: pistoni iwe imekwisha kupita juu kabisa mwa mgandamizo na kuanza kushuka, ili ikirudishwa nyuma iikute kamba. Ukimaliza, toa kamba yote kabla ya kurudisha plagi.

Funga waya wa klachi mbali na mkanda, puli na silensa, ukiuachia ulegevu kidogo karibu na koili. Pima pengo katika madirisha yote matatu, hata kama klachi ni mpya kutoka kwenye boksi, kisha rudisha mkanda na deki.

Nyuso mpya hazijazoeana, na zikitupwa moja kwa moja kwenye nyasi ndefu zitateleza na kupata moto. Weka injini katika nusu hadi robo tatu ya kasi yake, nje ya nyasi, washa visu kwa sekunde 10, zima kwa sekunde 10, na urudie kwa idadi ambayo kitabu chako kinataja. Mtengenezaji mmoja hutofautiana na mwingine katika idadi hiyo. Baada ya hapo pima breki kama ilivyoelezwa, na uache trekta lipoe. Pengo litakuwa limeongezeka kidogo, kwa kuwa vilele vya nyuso hizo vimesagika, kwa hiyo ingiza fila geji kwa mara ya mwisho, sahihisha kinachohitaji kusahihishwa, na uandike vipimo vitatu pamoja na saa za injini kwa kalamu ya wino usiofutika upande wa ndani wa kifuniko cha injini, ambapo utavikuta msimu ujao utakapotaka kujua klachi imeliwa kiasi gani.